Kipupwe Kwenye Tyubu ya Fuso

Juni ikiingia, Buzebazeba, kwetu Kigoma-Ujiji, huamka na vumbi na baridi kwa pamoja. Mvua zimeshakatika, matope ya Aprili yamegeuka vumbi jekundu linalofika hadi kwenye mashuka, na usiku upepo unateremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani ukipita katikati ya nyumba zetu. Watoto waliozoea kulala kifua wazi wanagombania blanketi. Mtu wa Makete au Njombe, ambako umande huganda kwenye majani, atashangaa tukiiita hali hii baridi, maana hata alfajiri kipimajoto cha Kigoma hakishuki sana chini ya nyuzi 17 au 18. Lakini ndiyo baridi tuliyopewa. Mama yangu, ambaye watoto wote wa nyumba wanamwita Bibi, hutoa sweta lake la kahawia sandukuni siku hizo na halivui mpaka Agosti.

Mwaka 2024 kipupwe kilikuja na jambo ambalo Bibi, aliyezaliwa Ujiji na kuzeekea Ujiji, hakuwahi kuliona: ziwa lilifungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kufuatia makubaliano ya nchi zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Kaka yangu ni mvuvi wa kipe, chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa. Miaka yote watoto wake wamemjua kama mtu anayetoka magharibi na karabai, anayerudi wakati wao wako shuleni, anayelala mchana mlango ukiwa umerudishiwa nao wakitembea kwa vidole. Mwezi ule wakamkuta nyumbani usiku, amekaa kibarazani, anauliza hesabu za darasa la nne. Sitaki kuipamba hali ile. Miezi mitatu bila ziwa ni miezi mitatu bila kipato kwa maelfu ya watu wa mwambao huu, na kaka alikuwa akienda kufyatua matofali ili jikoni pasizime. Hata hivyo jioni alikuwepo, likizo ya shule ilikuwa imeanza, na watoto walikuwa na swali lao.

Swali lilitoka kwenye simu ya wifi yangu. Wifi ana asili ya ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Fizi nchini Congo, na dada yake aliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Baadaye dada huyo na wanawe walipata kuhamishiwa Marekani, wakapelekwa Grand Rapids katika jimbo la Michigan, mji wenye Wakongo wengi siku hizi. Januari aliwatumia wenzetu video. Watoto wake, wamevaa makoti hata nyuso hazionekani, wamekaa juu ya maboya makubwa meusi ya mviringo, wanateremka kilima cheupe kwa kasi ya kutisha, wanazunguka, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Chini kabisa boya linapunguza mwendo lenyewe, mtoto anasimama, analishika kamba, anapanda tena. Mama yao anasimulia nyuma ya kamera kwamba kilima kiko mjini palepale, kwamba kila Jumamosi familia nzima inakwenda, wengine na chupa za chai, wengine na wazee wao.

Video ile ilitazamwa mpaka kioo cha simu kikachoka. Na kila ilipokwisha, binti mkubwa wa kaka aliniuliza, "Shangazi, na sisi tunateleza wapi?"

Ningeweza kumjibu kwamba theluji yetu iko Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, na kwamba Johannes Rebmann aliposema kwamba mwaka 1848 aliiona theluji karibu na ikweta, wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Ningeweza kumwambia habari za Lesotho, ambako Juni na Julai, miezi hiihii ya kipupwe chetu, watu wanateleza kwenye theluji katika milima yao mirefu. Yote hayo ni kweli na yote yako mbali. Mtoto aliuliza "wapi" akiwa na maana ya mahali anapoweza kufika na kurudi kabla ya magharibi. Na hapo ndipo nilipotambua jambo linalonikera mpaka leo: watoto wa nyumba yetu wanaishi karibu na ziwa la pili kwa kina duniani, na hawajawahi kupelekwa ziwani na wazazi wao wote wawili kwa ajili ya kucheza. Wametumwa maji. Wametumwa kufua. Wametumwa dagaa. Wamekatazwa kuoga, wakaenda kwa siri, wakachapwa. Ziwa kwao ni kazi na viboko.

Kaka aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tafuta tyubu, dada. Mimi nitatafuta kamba."

Maboya yale ya Michigan, ukiyatazama vizuri, ni ndugu wa tyubu ya tairi la lori. Huko mchezo ulianza na tyubu zenyewe kabla ya viwanda kutengeneza za plastiki zenye vishikio na kitako kigumu. Sababu ya kuteleza ni rahisi: mpira ni mpana, umejaa hewa, uzito wa mtoto unasambaa juu ya theluji badala ya kuzama. Majini sababu hiyohiyo inafanya kazi nyingine, ya kuelea. Tofauti iko kwenye hali ya hewa. Kwenye baridi kali hewa iliyomo ndani husinyaa na boya hulegea, kwa hiyo wanaongeza upepo. Kwetu, mpira mweusi ukilala juani hewa hutanuka na tyubu hukaza mpaka inalia kama ngoma. Fundi pancha wa Mwanga aliyetuuzia alilijua hilo bila kuambiwa. "Ni ya watoto?" aliuliza. "Basi nisiijaze sana. Mkifika huko jua litamalizia."

Ilikuwa tyubu ya Fuso, kuukuu, yenye viraka. Alituambia tyubu za malori zimeanza kuadimika kwa sababu magari mengi mapya yanatumia tairi zisizo na tyubu ndani, na kwamba wavuvi wanazigombania na wakulima wanaozikata kamba za kufungia mizigo. Aliizamisha kwenye karai la maji, akaangalia povu, akapata kitundu kimoja, akakikwangua, akapaka gundi, akabandika kiraka, akapuliza tena. Kichwa cha tyubu, pale penye kupitishia upepo, alikifunga kwa kipande cha mpira na kitambaa kwa sababu chuma kile huchana mapaja ya watoto. Nilimpenda fundi huyu kwa kitambaa kile. Tulinunua mbili.

Safari yenyewe tuliipanga kwa alfajiri. Kutoka Buzebazeba tulishika barabara ya Mwanga, na pale tukapanda bajaji mbili: ya kwanza Bibi, wifi, sufuria na kitinda mimba; ya pili mimi, kaka, watoto wakubwa, na tyubu zimefungwa juu kwa kamba. Njiani watu walitupigia makofi. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka alimsalimu Bibi kwa Kiha, "Mwakeye," akauliza tunahamia wapi na mizigo yote ile. Bibi akamjibu kwamba anapelekwa kuoga na wajukuu wake, akasema kwa sauti ya kusikika na barabara nzima.

Tulivuka Kigoma mjini na kuelekea Bangwe, ambako barabara inapanda na ghuba yote inaonekana chini. Kaka aliomba bajaji zisimame, akawasimulia watoto. Reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914, na ndiyo iliyoleta meli yetu ya Liemba. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye makasha kwa maelfu, ikaja baharini, ikaja kwa treni, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, Waingereza na Wabelgiji walipokaribia, mainjinia wake waliipaka mashine grisi nzito, wakaizamisha wenyewe. Mwaka 1924 iliinuliwa kutoka chini ya ziwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi ikiwa na jina la Liemba. Watoto walilisikiliza hili midomo wazi, hasa ile habari ya grisi. Wifi yeye aliongeza ya kwake: mwaka 1997 meli hiyohiyo iliwarudisha Wakongo wengi makwao, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokwama kwenye ufukwe wa Kagunga na kuwaleta Kigoma. Alisema hayo huku anatazama maji. Milima ya Congo siku ile haikuonekana. Kiangazi moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa hutanda juu ya ziwa, na ng'ambo ya pili inapotea kabisa mpaka mvua za Oktoba zioshe anga.

Tulikokwenda ni ufukwe unaoitwa Jakobsen, kwenye njia ya kwenda Katonga, kilomita chache tu kutoka mjini. Una vighuba viwili vidogo vya mchanga chini ya kilima chenye miti, na mawe makubwa pande zote. Unalipa kiingilio, unateremka kwa miguu. Mwaka ule ziwa lilikuwa limejaa kupita kawaida. Mvua za masika zilikuwa kubwa mno, Bujumbura mitaa ilizama, na kwetu mchanga ulikuwa umebaki ukanda mwembamba. Ulitutosha.

Kaka hakuruhusu mtu aguse maji kabla ya jambo moja. Alifunga kamba ndefu ya manila kwenye tyubu tupu, akaiingiza majini, akaiachia. Ilikuwa bado asubuhi, na asubuhi za kipupwe upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Tyubu ilisimama kidogo, ikageuka, kisha ikaanza kwenda. Ilikwenda haraka kuliko mtu anavyoogelea, moja kwa moja kuelekea Congo, mpaka kamba ikakaza kwa kishindo.

"Mmeona?" aliwauliza.

"Tumeona, baba."

"Ingekuwa na mtoto juu yake na hakuna kamba, ningemfuata na nini?"

Hakuna aliyejibu. Nimewasikia walimu na viongozi wengi wakihutubia juu ya usalama wa majini, nami sijaona somo lililoingia vile. Halafu akaeleza mengine: tyubu haichukui nafasi ya jaketi okozi, kwa sababu mtoto mdogo huponyoka katikati ya tundu na tyubu inabaki inaelea peke yake, kwa hiyo wadogo watavaa majaketi aliyoyaazima kwa tajiri wa chombo, na kamba itashikwa na mtu mzima muda wote, isifungwe kwenye jiwe na kuachwa. Mchana upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na hapo tyubu inarudi yenyewe. Saa hizo ndizo nzuri kwa wasiojua kuogelea. Asubuhi ni ya kuangalia samaki na kuteleza.

Kuteleza, ndiyo. Nyuma ya miti kulikuwa na mteremko wa nyasi zilizokauka, na watoto wa Kigoma wana ufundi wao wa siku nyingi: wanakalia kuti bichi la mchikichi, sehemu pana ya chini, wanashika ncha yake kwa mikono miwili, na nyasi kavu zinawapeleka chini. Walijaribu na tyubu pia. Tyubu kwenye nyasi inadunda, inamrusha mtoto pembeni, na kuti linaishinda kwa mbali. Binti mkubwa alitamka hukumu yake akiwa na majani kichwani: kuti ni la mlimani na tyubu ni ya ziwani. Tangu hapo hakuuliza tena habari za kilima cheupe.

Majini, kwenye mawe, nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Kwa kuwa uso wake uko kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, sakafu yake iko mamia ya mita chini ya usawa huo. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu takwimu hizi darasani kwa miaka. Kuziona ni kitu kingine. Hatua chache kutoka kwenye mchanga jiwe linaishia, na chini yake maji yanageuka kutoka kijani kuwa buluu nzito isiyo na mwisho. Juu ya jiwe lenyewe kuna maisha tele. Tulikuwa na miwani moja ya kuzamia, tukabadilishana. Samaki wadogo wenye mistari wanakwangua ukoga kwenye mawe kwa midomo yao. Wengi wa jamii zao, zaidi ya 200, hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengine hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata baada ya hapo vifaranga wakiona hatari hurudi mdomoni kwa mama. Wengine huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Mtoto wa pili wa kaka, ambaye hukaa kimya siku nzima, alitoka majini akasema kwamba samaki mmoja alimfukuza. Ni kweli, wanafanya hivyo. Wakilinda vifaranga hawajali ukubwa wako.

Tulijihadhari pia na nyoka wa majini, maana yumo, wa kahawia mwenye pete nyeusi shingoni, mwenye sumu, anayewinda samaki kwenye mawe. Kaka amewakuta mara nyingi na anasema humkimbia mtu. Tulipiga maji kwa fimbo kabla ya kuingia kwenye nyufa. Na mahali penye majani majini na konokono wengi, karibu na makazi, hatuogi, kwa sababu ya kichocho.

Saa sita upepo ulianza kugeuka, na ndipo ikawa zamu ya wakubwa. Wifi hajui kuogelea. Ameolewa na mvuvi, ameliona ziwa kila siku ya maisha yake, amelivuka kwenye mtumbwi akiwa msichana usiku wa kukimbia, na maji hayajawahi kumpita magoti kwa hiari. Alifunga kanga mbili, akakalia tyubu, akashika kwa nguvu mpaka vidole vikabadilika rangi. Kaka alikuwa amesimama ndani ya maji ya kifuani akiishika kamba. Hawakusemezana. Alimzungusha taratibu, mzunguko mmoja, mwingine, mpaka mabega ya wifi yakashuka.

Halafu Bibi akavua sweta.

Sikutegemea, na nadhani hakuna aliyetegemea. Tuliiweka tyubu mahali maji yanapofika kwenye nyonga, tukamshika huku na huku, akakaa, miguu yake ikaelea mbele yake. Wajukuu walimzunguka wakishika ukingo wa mpira. Alituambia kwamba alipokuwa msichana maji ya Ujiji yalifika karibu zaidi na mji, na wao walikuwa wakichota alfajiri kwa vibuyu, na kwamba mama yake alimkataza kukaa majini kwa sababu msichana anayekaa majini hapiki. Alisema hivyo akicheka mpaka tyubu ikatikisika. Tulimtembeza kutoka jiwe moja hadi jingine. Kitinda mimba alimuuliza kama anasikia baridi, akajibu kwamba maji yana joto kuliko upepo wa asubuhi. Na ni kweli kabisa: siku za kipupwe maji ya juu ya ziwa hili hubaki kwenye nyuzi 25 hivi wakati upepo wa asubuhi unakutetemesha, kwa hiyo anayeogopa kuingia kwa sababu ya baridi atapata baridi akitoka.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Mwaka mwingine pale pangekuwa na migebuka inabanikwa, au dagaa wabichi waliokaangwa saa hiyohiyo. Kaka aliwaeleza watoto kwa nini hawapo, na alieleza vizuri kuliko taarifa yoyote niliyoisoma. Mvuvi wa kipe anajua kupumzika, alisema; kila mwezi siku za mbalamwezi hatoki, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa haiwaiti dagaa. Sasa ziwa limepewa mbalamwezi ya miezi mitatu. Yeye mwenyewe aliikubali kwa shingo upande, lakini ameona nyavu zikirudi nyepesi mwaka baada ya mwaka, na hana hoja ya kuikataa.

Mimi niliongeza la kwangu, kwa sababu upepo wa kipupwe ndio unaopika chakula cha dagaa, na watoto walistahili kujua. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Kusini, upande wa Zambia, maji ya baridi ya chini hupanda kujaza nafasi, yakibeba virutubisho vilivyokuwa vimezama. Upepo ukilegea, maji yaliyolundikana kaskazini hurudi, na ziwa zima huyumba ndani kwa ndani kwa majuma mengi. Virutubisho vikifika kwenye mwanga, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huongezeka. Viumbe wadogo wa majini huila, dagaa huwala hao, migebuka huwala dagaa, na sisi tunawala wote. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 katika jarida la Nature walionyesha kwamba maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya chini. Walikadiria kuwa uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo unaweza kuwa umepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Kwa hiyo tunauhitaji upepo huu wa kipupwe, na tunahitaji uwe na nguvu.

Binti mkubwa alifikiri, akauliza kama ziwa la ndugu zake wa Grand Rapids nalo lina upepo. Linao. Mji ule uko mashariki mwa Ziwa Michigan, umbali wa kilomita 50 hivi, kama sisi tulivyo upande wa mashariki wa Tanganyika. Baridi inapoanza, upepo wa magharibi hupita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, hunyonya mvuke, na ukifika nchi kavu huumwaga ukiwa theluji. Theluji nyingi wanayoitelezea wale watoto imetoka ziwani.

"Basi wao baridi inawapa theluji," alisema, "na sisi inatupa dagaa."

Wifi alimwambia aandike hivyo kwenye ujumbe, na wakaandika pale pale.

Kurudi tulipitia Ujiji kwa sababu Bibi alitaka kusimama ufukweni kwao. Kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone hatukukaa. Watoto walipelekwa na shule, wanajua kwamba Stanley alimkuta pale mwaka 1871 chini ya mwembe ambao sasa umekufa, na kwamba njia ya misafara ya pembe na watumwa ilianzia hapo kwenda Bagamoyo. Nataka siku moja nikae nao kwenye hilo la watumwa peke yake, bila haraka. Tuliteremka mpaka kwa mafundi mitumbwi. Vyombo vilikuwa vimepandishwa nchi kavu safu kwa safu, vingine vinazibwa kwa pamba na mafuta, na vijana waliokuwa mabaharia wa vipe walikuwa wamekaa kivulini wanashona nyavu. Walimsalimu Bibi, "Shikamoo mama," kisha macho yao yakaenda kwenye tyubu.

Mmoja wao ana watoto wa rika la wetu. Alimuuliza kaka kama wanaweza kuziazima Jumapili, waende na mke wake na mama yake. Kaka alimpa zote mbili palepale, akamfungulia kamba kwenye bajaji, akamwonyesha inavyoshikwa: mzunguko mmoja kiunoni, mkono mmoja mbele, mtu mzima, miguu ndani ya maji. Akamwambia asubuhi upepo unatoka nchi kavu. Yule kijana, ambaye amelala juu ya ziwa hili tangu ana ndevu za kwanza, aliitikia kwa adabu kana kwamba halijui hilo, akarudia maneno yote, akaenda na tyubu zake begani.

Tangu hapo mpaka ziwa lilipofunguliwa tarehe 15 Agosti, tyubu zile zilipita nyumba nyingi. Ziliporudi kwetu kiraka cha Mwanga kilikuwa bado kimeshika, na mtu alikuwa ameongeza fundo la pili kwenye kamba, mahali pa kushika mkono mdogo.